Alama Nne Chini ya Sifuri

Nimepata alama nne chini ya sifuri. Sifuri ningeikubali, ningeikunja nikaiweka mfukoni nikaenda nayo nyumbani. Bahati mbaya nyumbani ndipo nilipokuwa, kwenye meza yangu mwenyewe ya kulia chakula, mbele ya mke wangu, binti yangu wa mwaka wa nne, na mtoto wa jirani aliyetumwa kuomba chumvi akaona afadhali akae.

Mtu aliyenipa alama hizo nilimwita mwenyewe. Tulikuwa tunachagua njia ya kumfundisha binti yetu tahajia ya Kifaransa hapa nyumbani. Tangu shule ya msingi ifanywe bure, Septemba 2019, watoto wamebanana darasani kiasi kwamba dikte ikisomwa huwezi kujua kosa lililoandikwa ni la nani na limetoka dawati gani. Jirani akatuelekeza kwa mwalimu mmoja mstaafu, mzee wa tai na mkoba wa ngozi, ambaye mtaa mzima unamwita Maître hata kwenye foleni ya maji. Akaja, akaketi, akakataa soda, akamwangalia mtoto, kisha akaniangalia mimi.

"Papa," akasema, "mutoto hagonjwi yeye peke yake. Kwanza nipime nyumba."

Mke wangu akakumbuka ghafla kwamba ana maharagwe jikoni. Nikabaki mimi. Mzee akasimama, mikono nyuma, akaanza kuizunguka meza akisoma dikte aliyoitunga mwenyewe juu ya ziwa Nzilo: wavuvi, uzito wa samaki, mayungiyungi yanayoelea asubuhi. Kila kipande alikisoma mara mbili, na alama za uandishi alizitamka kwa ukali kuliko maneno. *Virgule. Point, à la ligne.* Kila alipopita nyuma ya kiti changu alikohoa kidogo. Baadaye niligundua kwamba kila kikohozi kilikuwa kosa.

Namna walimu wa dikte wanavyosahihisha inafaa kuelezwa, maana ni uhasibu wa ajabu. Unaanza ukiwa tajiri, una alama 20 kabla hujaandika kitu. Kisha unanyang'anywa. Kialama cha juu ya herufi kikikosekana, nusu. Neno likiandikwa vibaya, moja. Kosa la sarufi, yaani kitenzi au kivumishi kisichopatana na mwenzake, mbili. Na hesabu hiyo haina sakafu. Ukimaliza 20 zako unaendelea kutozwa, unaingia deni, na mzee akalisoma deni langu kwa sauti: "Moins quatre." Binti yangu akanishika mkono. "Papa, si mbaya," akasema. "Miye nilifikaka moins sept."

Usiku ule sikulala. Nilikaa na simu nikisoma historia ya tahajia ya Kifaransa, na nakiri ilinivutia kuliko nilivyotaka. Sisi tuliozoea Kiswahili tuna irabu tano, kila moja na herufi yake, na kila herufi inakwenda kazini. Kwa Wafaransa sauti moja tu ya *o* unaweza kuiandika *o*, *ô*, *au*, *eau*, *ot* kama mwisho wa *mot*, *op* kama mwisho wa *sirop*, *aut* kama *haut*, na ikiwa vitu ni vingi unaongeza *x*, ambayo nayo haisemi. Minyoo, glasi, rangi ya kijani na mstari wa shairi vyote vinatamkwa sawasawa, na kila kimoja kina mavazi yake: *ver*, *verre*, *vert*, *vers*.

Herufi hizo bubu, baadhi ni mabaki ya matamshi ya kale. Nyingine ziliingizwa kwa makusudi na makarani na wasomi waliotaka maneno yaonekane yametoka katika Kilatini. Kidole kikapewa *g* katika *doigt* kwa heshima ya *digitus*. Mwili ukapewa *p* katika *corps* kwa heshima ya *corpus*. Lililoniudhi ni *poids*, uzito. Wasomi walidhani neno hilo limezaliwa na *pondus*, wakalichomeka *d*. Kumbe limetokana na *pensum*, ambalo halina *d* popote. Walikosea, kosa likachapwa, na leo anayeiacha *d* hiyo ndiye anayekatwa alama. Mimi niliiacha. Hapa Kolwezi, ambapo kila mchimbaji aliyepeleka magunia yake kwenye soko la madini la Musompo analalamika juu ya mizani ya mnunuzi, nilipaswa kujua kwamba ndani ya *poids* lazima kuna kitu kilichoongezwa kisicho na haki.

Kisha nikafika kwenye yungiyungi. Nilikuwa nimeliandika *nénufar*, kwa *f*, kwa sababu ndivyo sikio lilivyoniambia, na mzee alilizungushia wino mwekundu mara mbili. Sasa nikasoma kwamba neno hilo lilitoka Uajemi likapitia kwa Waarabu, na kwamba Akademia ya Ufaransa yenyewe, iliyoanzishwa 1635 kulinda lugha, iliandika kwa *f* mpaka toleo la kamusi lililokamilika 1935, ilipobadili ikaweka *ph*, kana kwamba ua hilo lina ukoo Ugiriki. Tarehe 6 Desemba 1990 gazeti rasmi la serikali ya Ufaransa likachapisha marekebisho yaliyorudisha *f*. Nilikuwa sahihi! Sikujua, ila nilikuwa sahihi kwa mujibu wa Paris.

Nikasoma pia kwamba mwaka 1857 mwandishi Prosper Mérimée aliandaa dikte katika jumba la Napoleon wa Tatu ili kuwachangamsha wageni. Inasimuliwa kwamba mfalme alifanya makosa 75, malkia Eugénie 62, na Alexandre Dumas mdogo, mwanafasihi kamili, 24. Aliyeshinda alikuwa mgeni, Metternich, mwanadiplomasia wa Austria, kwa makosa matatu. Nilimwamsha mke wangu kumpa habari hizo. Aliniambia Napoleon hakuwa na kikao cha wazazi Jumatatu.

Asubuhi nilimfuata mzee na simu mkononi. Alivaa miwani, akaisoma habari ya *nénufar* mpaka mwisho, akanyamaza, akatoa kalamu, akanirudishia alama moja. Sasa nina tatu chini ya sifuri. Alitaka nimshukuru.

Ningecheka zaidi kama nisingemfikiria mwalimu wa darasani wa binti yangu. Zile herufi bubu ni kama walimu hewa kwenye orodha ya mishahara: wapo, wamehesabiwa, wanalipwa, hawafungui kinywa. Mwalimu wa binti yangu ni kinyume chake. Yeye ni wa kundi linaloitwa *nouvelles unités*, anaingia darasani kila asubuhi, anasema mpaka sauti inakauka, na jina lake bado halijafika kwenye orodha ya malipo ya serikali. Chaki ananunua mwenyewe. Halafu tunashangaa mtoto haijui *t* ya mwisho.

Na kuna hili la Wabelgiji. Waliileta kanuni ya *participe passé*, ile inayosema kitenzi chenye *avoir* kipatane na kitu kilichotajwa kabla yake, kisipatane na kitu kilichotajwa baada. Wazee wetu waliimeza pamoja na fimbo. Mwaka 2018 walimu wawili wa zamani kutoka Ubelgiji huko huko, Arnaud Hoedt na Jérôme Piron, wakaandika katika gazeti la Libération kwamba kanuni hiyo iachwe, inapoteza saa za watoto bure. Vizuri sana. Waliotuletea mzigo wameanza kujadili kuutua, sisi bado tunakatwa alama mbili kila tukiyumba. Na kwetu yupo aliyeandika bila hofu hiyo: mwaka 1965, kule Elisabethville, André Yav alitoa historia ya mji ule kwa Kiswahili cha watumishi wa nyumbani, maneno yakiunganishwa na kukatwa kama sikio lilivyopenda. Msomi Johannes Fabian, aliyeichapisha upya 1990, ilibidi asomewe kwa sauti ndipo aielewe. Ikasomwa, ikaeleweka, ikaingia vitabuni. Hakuna aliyempa Yav moins quatre.

Baada ya mzee, tukajaribu programu ya simu. Ina mwanamke mwenye sauti ya Paris anayekuonyesha tarakimu uiandike kwa maneno. Ikaja 70. Binti yangu akaandika *septante*, kama kila mtu mwenye akili kutoka hapa mpaka Brussels. Msalaba mwekundu. Ikaja 90, akaandika *nonante*. Msalaba mwekundu. Mwanamke akataka sitini-na-kumi na nne-mara-ishirini-na-kumi, na kabla hatujabishana naye akaeleza kwamba *quatre-vingts* ina *s*, ila ikifuatwa na tarakimu nyingine *s* inaondoka. Inakwenda wapi, hakusema. Hapo umeme ukakatika. Bwawa la Nzilo lipo jirani yetu tangu miaka ya 1950, lilijengwa kwa ajili ya migodi, na jioni ile migodi ilikuwa inang'aa vizuri kabisa.

Kitabu cha Bled, kile cha mume na mke walimu kilichotoka mara ya kwanza 1946, tulikipata sokoni Manika kwa bei nzuri. Mwenyewe wa kwanza alikuwa amejaza mazoezi yote, karibu yote vibaya.

Shangazi alipendekeza kila neno liandikwe mara mia. Mkono ulivimba, neno halikuingia.

Katikati ya haya, matokeo ya EXETAT, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, yakatoka. Mpwa wangu, ambaye kwa miezi yote alikuwa akizungusha viduara vya majibu ya kuchagua, maana ndivyo mtihani ule ulivyo kwa sehemu kubwa, akatutumia ujumbe kwenye simu: *Jé réusi!!!* Nyumba ikalipuka. Tulikodi gari tukaenda kwao tukipiga honi, yeye amevaa nguo nyeupe, shangazi akiwa na makopo ya poda, tukammwagia kichwani mpaka hakuonekana macho, watu wakaimba barabara nzima. Binti yangu alikuwa ameishika simu yangu muda wote huo. Akanivuta shati.

"Papa, ameandika *jé* vibaya. Na *réussi* iko na *s* mbili." Akamtazama binamu yake aliyekuwa akichezea poda. "Tumukate ngapi?"