Aibu Adai Mshahara Wake

Waigizaji wakipanda jukwaani kupokea tuzo humshukuru Mungu, mama mzazi, dairekta na mashabiki. Yuko mmoja ambaye hatajwi kamwe, ingawa ndiye aliyewafundisha kazi wengi wao tangu wakiwa watoto wa shule. Jina lake ni Aibu. Hana mshahara wala cheo, kila mtu anamkana, na wauza kozi za kujiamini wanapata riziki kwa kutangaza kumfukuza. Ni wakati wa mtu kumtetea.

Mtazame akiwa kazini siku ya usaili. Foleni imejaa barazani. Kijana kashika karatasi ya maneno yake, na jasho la viganja limeilowesha hadi herufi za pembeni hazisomeki. Koo limemkauka, moyo unamwenda mbio. Daktari atasema ni adrenalini: tezi zilizo juu ya figo zimemwaga homoni ile ile inayomwandaa mtu kupigana au kutimua mbio. Maana yake ni kwamba Aibu amempa bure kile ambacho waigizaji jasiri hukitafuta kwa kurukaruka nyuma ya pazia: mwili ulioamka. Pembeni yake kasimama mshereheshaji wa harusi, bingwa wa kipaza sauti asiyejua woga, anapiga miayo. Akiitwa ndani ataigiza vizuri sana, ila atamwigiza yeye mwenyewe.

Masomo ya Aibu huanza mapema. Mtoto mwenye aibu hukaa pembeni shughuli nzima, na huko pembeni hana la kufanya ila kutazama: shangazi anavyoikamata kawa ya chakula anapoficha hasira, mjomba anavyokohoa kabla ya kudanganya. Chuo cha sanaa cha TaSUBa pale Bagamoyo kinafundisha uigizaji kwa ada na ratiba; Aibu anafundisha miaka 15 mfululizo, likizo hakuna. Na kwetu ana wasaidizi tele. Mtoto huambiwa asimkazie macho mtu mzima, asijibu, asijionyeshe. Kisha siku moja dairekta anamwamuru amkazie macho mtu mzima na kumfokea, kamera ikiwa hatua mbili kutoka puani. Akirudi nyumbani anaulizwa kama uigizaji ni kazi au uhuni. Mwalimu gani mwingine hutoa mtihani mgumu namna hiyo?

Wanafunzi hawajawahi kumpungukia. Mwanasaikolojia Philip Zimbardo wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyelichunguza jambo hili kuanzia miaka ya 1970, aliona kuwa karibu asilimia 40 ya Wamarekani aliowahoji walijitaja wenyewe kuwa watu wa aibu.

Miongoni mwa wahitimu wake yumo Robert De Niro wa New York, mtoto mkimya ambaye jukwaani alianza akiwa na miaka 10 kwa kuigiza simba mwoga. Aibu anajua kupanga wahusika.

Lakini kazi aliyoifanya kwa mwigizaji James Earl Jones ndiyo ya kupigiwa saluti. Jones alizaliwa Mississippi mwaka 1931, akalelewa na babu na bibi huko Michigan. Alikuwa na kigugumizi. Kigugumizi si aibu, lakini kimoja kikibisha hodi cha pili hakichelewi, na kwa takriban miaka minane mtoto yule karibu hakusema lolote mbele ya wageni. Waliomsikia vizuri ni mifugo ya shambani. Sekondari akakutana na mwalimu Donald Crouch, aliyegundua kuwa mwanafunzi wake bubu anaandika mashairi. Mojawapo lilisifu balungi, naam, lile tunda chungu. Crouch akamwambia shairi ni zuri mno kuwa lake. Kama kweli ni lake, asimame alighani mbele ya darasa bila karatasi. Akasimama, na maneno yakatoka bila kukwama. Sauti iliyofungiwa miaka yote hiyo ndiyo iliyokuja kuwa ya Darth Vader mwaka 1977, ya mfalme wa Zamunda kwenye Coming to America mwaka 1988, na ya simba Mufasa mwaka 1994.

Mchekeshaji Rowan Atkinson naye alisomea uhandisi wa umeme Newcastle na Oxford, akiwa na kigugumizi chake, akabaini kwamba akivaa mtu mwingine ulimi humfunguka. Kwa tahadhari zaidi akamleta Mr. Bean, mwaka 1990, mtu asiyesema karibu neno lolote, na akachekwa hadi kwenye vibanda vya video vya mitaani kwetu bila kuhitaji mkalimani.

Wapo wanaodhani Aibu huhitimisha kazi mtu akishapata jina. Laurence Olivier, mwenye Oscar ya Hamlet, alifuatwa naye tena London katika miaka ya 1960, umri ukikaribia 60. Alipoigiza Othello alimwomba mwenzake Frank Finlay asimame mahali anapoweza kumwona, asije akatoroka jukwaani. Alipokuwa Shylock mwaka 1970, yule mdai wa tamthilia ya Mabepari wa Venisi aliyotuletea Mwalimu Nyerere kwa Kiswahili, aliwasihi wenzake wasimtazame machoni. Akaendelea kuigiza jukwaani hadi 1974.

Mwalimu wa uigizaji Mrusi, Konstantin Stanislavski, alimtungia Aibu somo zima: mwigizaji ajichoree duara dogo la vitu vya kuangalia, meza, kikombe, mikono yake, awe peke yake mbele ya umati. Mwenye aibu hulielewa somo hilo siku ya kwanza, kwa sababu ameishi ndani ya duara hilo tangu utotoni.

Kasoro anazo, tusimfiche. Hajui saa ya kuondoka, na wengi amewarudisha nyumbani kabla hawajaitwa majina yao. Dawa yake inajulikana: kurudia maneno hadi mdomo uyaseme wenyewe, kuanza na watazamaji watatu sebuleni, kisha mtaa. Madairekta nao wanaombwa jambo moja tu. Yule anayetaja jina lake kwa sauti isiyofika mezani, wamwombe alitaje tena kabla ya kumwita anayefuata.