Vita vya Mipaka Sebuleni: Mwongozo kwa Mkaaji wa Membley, Ruiru, Anayetaka Samaki

Hongera kwa nyumba mpya. Ukuta umezunguka, geti limepakwa rangi, na mpima ardhi amekuja akaonyesha bikoni zote mbele ya jirani ambaye hakuondoka akitabasamu. Sebule sasa inakosa kitu kimoja tu, nacho umekiona kwa daktari wa meno: tangi la kioo lenye samaki wa rangi rangi wakipita taratibu. Watu husema samaki hutuliza moyo. Wanaosema hivyo hawajafuga mbuna.

Mbuna ni samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, wale ambao wauzaji wetu huwaita "Malawi" kwa mkato. Wengi hawazidi urefu wa kiganja, na wanang'aa buluu, manjano na machungwa hadi mgeni akadhani wametoka baharini. Ni jamaa moja na tilapia unayemla na ugali, na jamaa hiyo, ya sikilidi, ina tabia yake: dume akishapata mahali, ni pake. Hana hati miliki wala haombi. Atakayepita juu ya jiwe lake amevamia ploti.

Mwongozo huu umeandikiwa anayetaka vita. Anayetaka amani naye asome, ageuze kila agizo juu chini. Nitamsaidia hapa na pale, maana samaki hawana kosa.

Kwanza, nunua kwa macho. Usiulize jina. Utaonyeshwa vitoto vya manjano vyenye mistari myeusi, vizuri mno, na kuambiwa ni "mchanganyiko tu". Huenda ni Melanochromis auratus. Jike hubaki wa manjano. Dume akikomaa na kushika usukani hugeuka mweusi mwenye mistari myepesi, na siku anapogeuka ndiyo siku anapojitangaza mwenye nyumba. Ongeza Maylandia lombardoi, ambao utotoni wote ni wa buluu. Majike hubaki hivyo, madume hugeuka manjano, kwa hiyo asubuhi moja utaona samaki usiokumbuka kuwanunua na utaanza kuwahoji watoto. Kisha, ili rangi zilingane na makochi, tia Labidochromis caeruleus, mmoja wa mbuna wapole kabisa, naye wa manjano, dume kwa jike. Hapo umefanya kazi ya ustadi. Dume wa mbuna humchukia kwanza yule anayefanana naye. Mwenye umbo jingine na rangi nyingine anaweza kusamehewa. Mwenye rangi yake ni mdai wa ardhi.

(Ukipewa pia samaki wa Amerika ya Kati aitwaye Jack Dempsey, jua kwamba jina hilo ni la bondia aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu kuanzia 1919 hadi 1926. Hakupewa kwa sababu ya uzuri.)

Nunua wawili wawili, dume na jike wake. Dume atamkimbiza huyo jike kutwa nzima, awe tayari kutaga au hayuko tayari, na akishataga, jike hubeba mayai na vitoto mdomoni kwa karibu wiki tatu, muda ambao kula kwenyewe ni shida. Utamkuta amelala nyuma ya filta. Wafugaji waoga huweka majike watatu au zaidi kwa kila dume, ili bughudha igawanyike.

Tangi na liwe la kona, jembamba, la kwenda juu. Mbuna hapimi ploti kwa kimo cha maji, anapima kwa sakafu. Lita 200 zilizolazwa kwenye tangi la sentimita 120 zina mahali pa kugawana. Lita hizo hizo zikisimamishwa zina ploti moja, na waliobaki wote ni maskwota. Ndani weka kasri moja ya plastiki, katikati kabisa. Kila dume ataitaka, mmoja ataipata, na akiwa mlangoni ataona hadi kona ya mwisho. Hilo la kuona ndilo muhimu. Usimzibie.

Mwoga angetoka nje ya geti kwanza. Membley haijamaliza kujengwa. Hukosi mahali ambapo lori limemwaga mawe ya Ndarugo na mafundi wameacha vipande vilivyovunjika pembeni. Akiomba kwa adabu atajaziwa ndoo. Avisugue kwa brashi bila sabuni, aache vyenye saruji, kisha avipange rundo hapa na rundo pale kutoka kioo cha chini hadi karibu na uso wa maji, akiacha mapengo ya kupenya kila upande. Mawe yakae kwanza, mchanga umwagwe baadaye. Mbuna huchimba, na jiwe lililosimama juu ya mchanga litakuja kumwangukia mchimbaji, au litaangukia kioo, na hapo zulia nalo litaingia vitani. Marundo yakishakata macho, dume wa kushoto hamwoni wa kulia, na asiyemwona hana la kumfanya.

Lakini si kila pazia huleta utulivu, na hapa ndipo mambo yanaponoga. Konrad Lorenz, Mwaustria aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya 1973, aliandika katika kitabu chake cha 1963 kuhusu ukali wa wanyama habari za sikilidi aliowafuga jozi kwa jozi, jozi moja ikitengwa na nyingine kwa kioo kinachopitisha macho. Madume walitunishiana mapezi kupitia kioo, hakuna aliyeumia, na kila mmoja upande wake alikuwa mume mwema. Mwani ulipoota na kutia kioo ukungu, jirani akafifia, na dume akaanza kumkorofisha mkewe. Kioo kikifutwa, ugomvi ulirudi mpakani na nyumba zote mbili zikatulia. Wenye kuta za futi nane wasome aya hii mara mbili, wakiwa peke yao.

Mbuna hawaishi jozi kwa jozi, ila hasira yao hupita njia ile ile: ikikosa jirani humwangukia aliye karibu. Ndiyo maana wafugaji wao wengi hufanya jambo linaloonekana la kichaa, wanajaza tangi. Samaki wachache kwenye lita 300 huuana mmoja mmoja. Wakiwa ishirini na kitu, huchoshana tu. Dume akimkimbiza mmoja, mwingine anakatiza, wa tatu ameshaingia pangoni kwake, na huyo wa kwanza ameshasahaulika. Hakuna ploti inayoshikika kwa saa nzima.

Agizo letu, basi: jaza tangi, halafu usijali maji. Usinunue filta kubwa. Usibadilishe robo ya maji kila wiki. Ukilazimika kubadilisha, mwaga maji ya mfereji moja kwa moja na klorini yake, usiyaache kwenye ndoo wazi hadi kesho yake wala usiyatie dawa. Ya kisima usiyapime. Mbuna wanapenda maji yenye magadi kidogo, pH ya kama 7.7 hadi 8.6, lakini wewe kwani ni mkemia? Na pampu ndogo ya hewa ya betri ni ya watu wenye wasiwasi. Stima zikipotea jioni, oksijeni ya tangi lililojaa haitangoja mtu apande nguzo. Utawakuta wote wamepanda juu, midomo wazi, mbabe na mnyonge bega kwa bega, hakuna anayemgusa mwenzake. Ndiyo amani utakayoipata kwa njia hii, na haikai sana.

Hita nayo. Julai ya Ruiru unaijua. Mbuna huishi vizuri kati ya nyuzi 24 na 28. Anayetaka fujo apandishe hadi juu kabisa, maana joto huongeza mbio na mbio huongeza ugomvi. Kwenye 24 au 25 wanapoa kidogo.

Usidhani walionyamaza kando hawaelewi kinachoendelea. Mwaka 2007 Logan Grosenick, Tricia Clement na Russell Fernald wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha katika jarida la Nature jaribio walilofanya na Astatotilapia burtoni, sikilidi wa Ziwa Tanganyika. Dume mtazamaji aliwekwa pembeni aone mapambano: wa kwanza akimshinda wa pili, wa pili akimshinda wa tatu, hivyo hivyo mpaka wa tano. Wa pili na wa nne hakuwahi kuwaona wakikutana. Alipowekwa katikati ya hao wawili, mtazamaji alimsogelea zaidi wa nne, aliye dhaifu. Alikuwa ameshapiga hesabu mwenyewe, bila kupigwa hata pezi. Basi kila kipigo sebuleni kwako kina mashahidi, na aliyeshindwa leo mbele ya kadamnasi kesho atajaribiwa na wote.

Utamtambua. Mapezi yamechanika, rangi imepauka, amejibana kona ya juu nyuma ya hita, na chakula kikimwagwa hashuki. Wageni wakiuliza, waambie anaota joto. Anayemhurumia angemtoa saa hiyo hiyo, ampe tangi lake la pembeni mpaka apone.

Ukitaka kuongeza samaki, ongeza mmoja, mdogo, mchana kweupe, taa zote zikiwaka, kabla wenyeji hawajala. Usiguse jiwe hata moja, ili kila dume ajue vizuri anatetea nini. Kinyume chake ndicho wafanyacho wazoefu: huwalisha wenyeji wakashiba, huvuruga mawe yote yakapangwa upya, huzima taa, kisha huingiza wageni kadhaa kwa pamoja. Kukicha hakuna anayejua bikoni yake ilikuwa wapi, na mwenyeji na mgeni wanaanza kutafuta mahali siku moja.

Kuna siku utachoka na mbabe mmoja ukaamua kumfunga. Kifungo cha siku chache kwenye kisanduku cha wavu kinafaa, mradi usitarajie uhuru kwa waliobaki. Kwa akina burtoni, mbabe akiondolewa, wa chini yake huvaa rangi za utawala ndani ya dakika chache. Sinia la chai halijaondolewa mezani, kiti kimeshakaliwa. Faida ya kifungo ni nyingine: mfungwa akirudi, mawe yakiwa yamehamishwa, hurudi kama mgeni, na kuna mwingine wa kumwonyesha njia. Kama akirudi anapindua serikali kabla ya usiku, huyo si wa kurekebishwa, aondoke kabisa.

Ila usimpeleke mtoni. Maji ya Mto Ruiru huishia Athi, na Athi hubadilisha jina mara mbili, Galana kisha Sabaki, ikamwaga baharini karibu na Malindi. Jaribio la kutia samaki mgeni kwenye maji yasiyo yake tulishalifanya kwa mbuta, aliyeingizwa Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, na fulu wa aina nyingi, binamu za hawa hawa mbuna, wakaliwa hadi wasionekane tena.

Mrudishe dukani. Muuzaji atampokea kwa bei ya kutupa, au akubadilishie na kopo la chakula. Mweleze ukweli wote: amepasua mapezi ya nani, ameua wangapi, halali usiku. Atakusikiliza kwa makini, atamtia kwenye tangi la mbele peke yake chini ya taa, atabandika karatasi iliyoandikwa "dume, mkomavu, rangi kamili", na atapandisha bei.