Maua ya Plastiki, Karagwe Hii?

Hapana waitu, hili nalisonya. Pita dukani Omurushaka uone: mitambaazi ya plastiki imening'inizwa mlangoni, majani ya kijani na viua vyeupe, na wanunuzi wamejaa. Mtu anatoa hela yake, anakwenda kuitundika kwenye dirisha la sebule. Karagwe hii hii, ambako ukichomeka kijiti uzioni kinachipua! Baada ya miezi michache jua limeshaipausha na vumbi la barabarani limeigandia, haifai hata kufutwa. Anarudi kununua nyingine.

Halafu kuna kijana mpangaji pale Kayanga aliyefanya jambo la maana, na huyo ndiye mnayemcheka. Kaotesha kwenye ndoo ya rangi ule mmea unaotambaa kwenye uzio, wenye maua ya rangi ya chungwa na jicho jeusi katikati. Umepanda kwenye kamba, umeshika grili, unachanua. Na nyie hapa: "Huyu kaleta magugu ndani ya nyumba."

Magugu? Mmea huo ni wa Afrika Mashariki, wa kwetu kabisa. Miaka ya 1820 mtaalamu wa mimea kutoka Bohemia, Wenceslas Bojer, aliukuta pwani yetu, na mwaka 1825 ukatangazwa London kwenye jarida la mimea kwa jina la Thunbergia alata. Leo Wazungu wanauziwa mbegu zake kwenye pakiti. Kwao baridi kali inauua, kwa hiyo wanaupanda upya kila mwaka au wanauingiza ndani, wanauweka dirishani na kuutunza. Sisi ambao baridi ya namna hiyo hatuijui, kuanzia hapa mpaka Nkwenda na Murongo, tunaufyeka, tunakwenda kununua plastiki. Inaniuma.

Ila na wanaotaka kupanda nina neno nao. Msifuate video za Ulaya zinazosema dirisha bora ni la kusini. Kule jua la mchana liko upande wa kusini mwaka mzima, ndiyo maana wanasema hivyo. Sisi tuko karibu sana na ikweta, kama digrii moja na nusu tu kusini yake. Mwezi wa sita jua letu linaegemea kaskazini, mwezi wa kumi na mbili linaegemea kusini, na pande zote mbili saa sita mchana linakuwa juu mno. Paa likiwa limechomoza kidogo tu, linakata sehemu kubwa ya jua hilo kabla halijafika kiooni. Dirisha la kaskazini au la kusini linaweza kukupa jua nusu ya mwaka, tena la kubahatisha. Dirisha la kutegemea huku ni la mashariki, linalopata jua la asubuhi likiwa bado chini na linaingia mpaka ndani, mwaka mzima. La magharibi nalo linafaa, ila jua lake la alasiri ni kali, hasa chini ya bati lisilo na dari.

Na hivi vioo vya giza vya madirisha ya alumini, ambavyo siku hizi kila nyumba mpya lazima iwe navyo, vinazuia mwanga. Mmea nyuma ya kioo hicho unarefuka, unapauka, hautoi ua. Sogeza kioo mchana, uache wavu peke yake.

Mbegu hainunuliwi. Nenda kwenye uzio, tafuta vitumba vilivyokauka: chini ni vya mviringo, juu vina mdomo kama wa ndege. Vichume kabla havijapasuka, maana vikipasuka vinarusha mbegu mbali. Loweka mbegu usiku mmoja. Toboa ndoo chini, weka udongo wa shambani, samadi iliyooza na mchanga kidogo. Maganda ya kahawa ni mazuri, lakini yawe yameoza kweli. Mabichi yanachoma mizizi. Wiki mbili tatu zinatosha kuona mche. Maji usiyapange kwa kalenda: chomeka kidole, udongo ukiwa mkavu ndipo umwagilie.

Miezi ya kiangazi, wa sita mpaka wa nane, geuza majani uangalie chini. Ukiona vidoadoa vyeupe na utando mwembamba, huyo ni utitiri mwekundu, anapenda sana mimea ya ndani iliyo kwenye ukavu. Osha majani kwa maji, upande wa chini hasa, na urudie.

Mzee mmoja hapa anasema mmea dirishani unaleta mbu. Shikamoo yake naitoa, ila mbu anazaliana kwenye maji yaliyotuama. Mwaga maji yanayobaki kwenye sahani ya chini ya ndoo, basi.

Pasheni je? Inachanua vizuri sana, ile ya zambarau inapenda baridi ya huku kwetu, lakini inataka nafasi kubwa kuliko dirisha. Vanila muiache shambani kwenye mti wake. Inakaa miaka kama mitatu kabla ya kutoa ua, na ua lenyewe linafunguka asubuhi moja tu. Lakini yule mtambaazi wa porini mwenye maua mekundu na njano yanayopinda juu kama ndimi za moto, ambaye ncha za majani yake zinajisokota na kushika, msimwingize ndani hata kidogo. Ana sumu mmea mzima, na kiazi chake kimeshaua watu. Nyumba yenye watoto siyo mahali pake.

Nyie wapangaji mnaoogopa mwenye nyumba, hamna haja ya msumari ukutani. Funga kamba ya katani kwenye grili, juu na chini, mmea utajizungusha wenyewe. Siku ya kuhama unakata kamba, unabeba ndoo yako.