Mayai ya Mwalimu

Aliyeanza ni kijana anayekaanga chipsi pale Haydom. Nilikuwa nimempelekea trei mbili za mayai ya kuku wangu chotara, nimezifunga kwa mpira nyuma ya bodaboda, na njia nzima kutoka Maretadu nilikuwa nazilinda kuliko nafsi yangu. Wiki iliyofuata nilipopita kudai hela iliyobaki, aliniamkia vizuri tu, "Shikamoo mwalimu," nikaitikia, kisha akanisogezea sahani ya zege. Chipsi mayai tunaziita zege kwa utani. Ile ya siku hiyo haikuwa na utani wowote. Ilikuwa imepauka, ya kijivu-kijivu, imeshikana kama msingi wa choo.

"Mwalimu," akaniambia kwa upole, "wateja wananiuliza leo nimetumia mifuko mingapi ya saruji."

Nikarudi nyumbani nikapasua yai moja kwenye bakuli. Kiini kilikuwa cheupe cheupe, kimejikunja katikati ya ute kama mtu aliyeamka na malaria. Mke wangu akachungulia, akasema kama si umbo lake angedhani ni uji.

Kosa halikuwa la kuku. Nilikuwa nimewafungia bandani kwa sababu mbili: mwewe, na Ama jirani. Sisi Wairaqw bibi tunamwita ama, na huyu ni ama wa mtaa mzima, mwenye bustani ya mchicha na mnafu bondeni, anayoimwagilia kwa ndoo kiangazi chote. Aliwahi kuniambia siku nilipoleta vifaranga: "Mjukuu wangu, kuku ni wako, mboga ni zangu." Basi. Kuku wakakaa ndani, wanakula pumba, mahindi ya kuparazwa na mashudu ya alizeti.

Nikajiambia dawa ninayo. Alizeti ikichanua huku kwetu, macho yanauma kwa unjano. Mafuta yake ya njano. Kwa hiyo nikazidisha mashudu, na kwa wiki tatu kuku walinenepa, wakang'aa manyoya, wakataga viini vyeupe vilevile, ila vikubwa kidogo. Ualimu wa miaka ishirini na mbili haukunisaidia kujua kwamba mashudu ni protini, rangi haimo.

Afisa mifugo ndiye aliyenifungua macho. Kuku, alisema, hana kiwanda cha rangi tumboni. Unjano wote wa kiini unatoka kwenye chakula, kwenye vitu vinavyoitwa luteini na zeaksanthini, vilivyojaa kwenye majani mabichi na mahindi ya njano. Hiyo zeaksanthini hata jina lake limetokana na la mahindi kwa lugha ya wanasayansi, *Zea mays*. Mahindi meupe hayana kitu. Akanionyesha kwenye simu picha ya kipepeo cha vipande 15 vya rangi, kilichobuniwa na kampuni ya Roche ya Uswisi kwa ajili ya kupima viini: 1 ni njano ya kuzimia, 15 ni chungwa lililoiva. Changu alikipa 2, nadhani kwa heshima ya ualimu.

Akaongeza jambo moja ambalo laiti ningelisikia nikanyamaza. Kiini hakijazwi kwa siku moja. Kinakua kwa kasi kwa takriban siku 10 kabla ya yai kutagwa, tabaka juu ya tabaka, kwa hiyo yai la leo ni habari za kuku za wiki iliyopita. Nililipenda jambo hili mno. Nikalihubiri kijiweni, dukani, na kwa balozi wetu wa nyumba kumi, mzee anayesikiliza akiwa amefumba macho, ukidhani amelala.

Nikapendekeza nyumbani tununue mahindi ya njano. Mama yangu, ambaye kwa kawaida hainui sauti, aliinua. "Mahindi ya njano? Katika ghala langu?" Wa rika lake hawajasahau njaa ya miaka ya 1970, hasa ile ya 1974, na unga wa njano wa msaada ulioitwa unga wa Yanga kwa ajili ya rangi ya jezi. Nikamweleza kuwa ni ya kuku. Akaniuliza nitawaeleza vipi majirani watakaoona gunia. Hapo ndipo nilipoona mtego wetu: watu wale wale ambao hawataki kuona ugali wa njano ndio wanaorudisha yai kwa sababu kiini si cha njano.

Nikahamia jikoni. Manjano ya pilau iliishia kwenye vidole vyangu na midomo ya kuku. Karoti waliifurahia sana, lakini rangi ya karoti kuku huigeuza vitamini A na kubaki nayo. Kwenye kiini hufika kidogo mno. Ndipo nikakumbuka pilipili.

Ndege hawausikii ukali wa pilipili, hilo ni kweli kabisa. Niliwatwangia nyekundu kavu, wakaila kama karanga, mimi ndiye niliyelia kwa kujifikicha macho. Baada ya wiki moja na nusu nikapasua yai mbele ya familia nzima. Kiini kilikuwa na wekundu wa kutisha, si chungwa, si waridi, kimezungukwa na ute mweupe. Mwanangu mdogo akapiga kelele, "Simba!" Habari ikatoka nje kabla ya ganda kutupwa. Baadaye nilielewa kwamba wenye viwanda vya chakula cha kuku hutanguliza njano kwanza, aghalabu ya maua ya marigoldi, ndipo wanatia nyekundu juu yake. Mimi nilikuwa nimepaka nyekundu kwenye ukuta usio na rangi. Shabiki mmoja wa Simba alinunua mayai sita, na huyo ndiye mteja pekee niliyempata kwa mtindo ule.

La pamba nitalisema upesi maana bado linaniuma. Lori lililotoka upande wa Meatu, ng'ambo ya Sibiti, lilikuwa na mashudu ya pamba kwa bei ya kutupa. Nikanunua. Mayai yalitoka ya kawaida, nikampelekea kijana wa Haydom trei tatu, akayaweka. Hakuna aliyeniambia kuwa mbegu ya pamba ina kitu kiitwacho gosipoli, kinachokwenda kukutana na madini ya chuma ndani ya kiini, na yai likikaa, kiini kinageuka kijani cha zeituni. Baada ya wiki mbili simu ikalia. "Mwalimu, shikamoo. Mara ya kwanza saruji, mara ya pili Simba. Leo umeniletea Yanga."

Sasa nije kwenye tundu. Mwezi wa nane, kiangazi kimekausha kila kitu, niliona kuku wawili wakipenya kwenye ua wa minyaa kuelekea bondeni. Nilikusudia kuliziba tundu lile. Nilikusudia asubuhi, nikakusudia na jioni. Siku ya nne walikuwa wanane, na walikuwa wanarudi wenyewe kabla ya jua kuzama, wastaarabu, matumbo yamejaa, hakuna anayewasemesha. Nikaona si vizuri kuingilia.

Wiki mbili baadaye nikapasua yai nikaita watu. Kilikuwa kiini cha kuchorwa, cha rangi ya boga lililoiva, kimesimama kimetuna. Haydom wakapiga foleni. Kijana akaniita mzee wangu. Nikampelekea balozi mayai manne ya zawadi, na huo nao haukuwa uamuzi wa mtu mwenye akili.

Jumamosi nikaitwa kwa balozi. Nikamkuta Ama ameketi kwenye kigoda, khanga imekazwa, mkononi ana bakuli la bati na yai moja. Nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama. Yai hilo, alisema, alilinunua jana nyumbani kwangu, kwa hela yake, kwa mkono wa mwanangu. Akalipasua bakulini, akamsogezea balozi.

"Hiki," akasema akigusa kiini kwa kidole, "ni mchicha wangu."

Nikacheka kidogo. Hakuna aliyecheka nami. Ama akaendelea taratibu kama anayehesabu mbuzi: mayai ya mwalimu kijiji chote kinayajua, yalikuwa meupe, yakawa mekundu, yakawa ya kijani. Sasa ni ya njano. Na kiangazi hiki Maretadu nzima jani bichi liko wapi?

"Ama, nisamehe," nikasema, "wametoroka jana tu, tena mara moja."

Balozi akafumbua jicho moja. "Mwalimu, si wewe uliyetufundisha hapahapa kwamba yai la leo ni habari za wiki iliyopita?"

Nikakubali kuwa ni mimi.

"Kiini siku ngapi?"

"Kama kumi, balozi."

"Kumi," akarudia, akamtazama Ama, na Ama akatikisa kichwa kama mtu aliyeongezewa chenji. Hukumu ikawa fupi: trei mbili za mayai, tundu lizibwe kabla ya giza, na kila Jumapili debe la mbolea ya banda liende bondeni. Kuhusu yai lililokuwa bakulini, balozi alisema kidhibiti hakirudishwi kwa mshitakiwa, akamwita mkewe alete kikaango na kitunguu.

Ila lilikuwa yai moja na sisi watu wanne. Ikabidi niinuke nirudi nyumbani kuleta mengine. Nilikuwa nimeshavuka mlango Ama aliponiita kwa sauti ya kufika hadi barabarani:

"Lete yale ya mchicha! Ya pamba uwaachie wanao!"