Mbao Thelathini na Mbili

Nguruwe wa jirani ndiye aliyetulazimisha kujenga uzio. Alikuwa ameshafukua matuta ya viazi ya bibi kwa mara nyingine, na safari hii bibi alikataa kabisa maneno ya pole. Kwetu Mafinga, ambako malori yanashusha mbao za misindano kutoka Sao Hill, kukosa uzio si kukosa mbao. Ni kukosa hesabu, na hesabu ya uzio ni ngumu kuliko wengi wanavyodhani.

Baba mdogo alipima kwa uangalifu. Mbele mita 24, pembeni mita 18 kila upande, nyuma tayari kuna ukuta wa tofali. Jumla mita 60. Ukitoa geti la mita 3 katikati ya mbele, zinabaki 57. Nguzo kila baada ya mita 2.4, akapata nguzo 24. Mbao za kulala mistari miwili, yaani mita 114. Mbao ya futi 12 ina mita 3.66, akapata mbao 32. Bibi akatoa fedha yake ya viazi, mzigo ukaja.

Fundi alisimamisha nguzo chache za upande wa mashariki, akashindilia udongo kidogo tu ili ajaribu mstari. Akalaza mbao ya kwanza. Ikaanzia nguzo ya kwanza, ikapita ya pili, ikaishia hewani, zaidi ya mita moja kabla ya kufika ya tatu.

"Shemeji," mama akauliza, "na mbao inayofuata itashikwa na nini?"

Hapo ndipo nyumba ilipochafuka. Fundi alisema kila mbao ikatwe kwenye nguzo, na kipande cha mita moja na ushee kitupwe. Akahesabu upya: nafasi 8 kila upande wa pembeni, nafasi 5 kila upande wa geti, jumla 26. Kila nafasi mbao mbili: 52, siyo 32. Nguzo nazo 28, kwa sababu kila pembe inadai nguzo yake, geti linadai mbili, na mstari ulionyooka daima una nguzo moja zaidi ya nafasi zake. Baba mdogo akasema fundi anatafuta cha juu. Fundi akafunga msumeno wake kwenye gunia. Bibi aliingia ndani bila kusema neno, na kwa bibi kimya ni kibaya kuliko ukali.

Usiku mama alichukua daftari la shule. Hakuanza na urefu wa uwanja kama wenzake. Alianza na mbao yenyewe. Futi 12 ukizigawa mara mbili unapata vipande vya mita 1.83. Basi nguzo zisogezwe, ziwe kila mita 1.8. Pembeni zinaingia nafasi 10 kila upande, mbele 6 kila upande wa geti: jumla 32. Kila nafasi inataka vipande viwili, na kila mbao inatoa viwili. Mbao 32! Zilezile zilizokuwa zimelala uani, bila kununua hata moja zaidi wala kutupa kipande. Kilichopungua ni nguzo: zinatakiwa 34.

Fedha ya nguzo kumi aliipata kwenye mbao za kusimama, ambazo kwa bahati zilikuwa hazijanunuliwa. Baba mdogo alitaka uzio wa mita 1.5. Mbao ya futi 12 inatoa vipande viwili vya urefu huo, na kinachobaki ni cha kuwashia moto. Kwa mita 1.2 inatoa vitatu. Ubao wa sentimita 15 na uwazi wa sentimita 5 unakula sentimita 20, kwa hiyo mita 57 zinataka vipande 285. Hizo ni mbao 95 badala ya 143. Nguruwe haruki juu hivyo, anasukuma kwa pua. Nguvu inatakiwa chini, kwenye mstari wa kwanza, na urefu wa ziada ni fahari tu. Mama akaongeza mbao chache za akiba, maana hazikosi zenye macho na nyufa.

Asubuhi fundi aliitwa na kuombwa radhi na baba mdogo mwenyewe, jambo lililonifurahisha kuliko hesabu yote. Naye akachangia lake: mirunda ya mikaratusi iliyotiwa dawa, ukiikata futi 12 kuwa nguzo mbili, upande uliokatwa na msumeno usiuzike. Pale dawa imekosekana, mchwa na unyevu wataingia. Upande wa kiwandani uende chini, sentimita 60, theluthi ya nguzo. Juu zinabaki mita 1.2 na ushee, sawasawa na ubao.

Bibi alisikiliza yote akimenya viazi, kisha akauliza mlango wa jirani uko wapi.

"Mlango gani, mama?" baba mdogo akashangaa. "Si tunamzuia?"

"Tunamzuia nguruwe. Mama yule anachota maji kwenye bomba langu tangu hujaoa. Azunguke mpaka getini na ndoo kichwani?"

Mama akafuta 34, akaandika 35.