Utangulizi wa Elimu ya Ngome za Ziwa Tanganyika

Ukitafuta handaki la zege lisilopenywa na bomu kuanzia Bujumbura, upite Rumonge, ufike Nyanza-Lac, utachoka bure. Rumonge ina mawese na ndagala. Kwa hiyo elimu ya ngome za ziwa, ambayo hadi sasa ina mwanazuoni mmoja tu, naye ndiye anayeandika haya, haipimi unene wa ukuta. Inauliza: adui akija, ngome hufanya nini?

Jamii ya kwanza hukaa. Mfano ni boma la Wajerumani la Usumbura, mji uliokuja kuwa Bujumbura na, kwa miaka mingi, makao makuu ya Burundi. Wabelgiji walipofika Juni 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ukuta ulibaki, wenye ukuta wakaondoka. Tuendelee.

Jamii ya pili huelea, na hapa utafiti unanoga. Graf von Götzen, meli ya mita 70 na ushei, iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaunganishwa upya Kigoma. Mwaka 1915 ikaanza kazi, baadaye ikafungwa mzinga wa milimita 105 wa manowari Königsberg, iliyofia delta ya Rufiji.

Jamii ya tatu hudanganya. Mzinga ule ulipotakiwa nchi kavu, mahali pake pakawekwa wa mti. Wa mti hauli baruti, na kwa mbali hutisha sawa na wa chuma. Kasoro yake ilidhihirika pale ndege za Wabelgiji, zinazotua majini, zilipokuja kuipiga Kigoma kwa mabomu.

Jamii ya nne, kilele cha fani, huzama. Julai 1916 Wajerumani walizipaka mashine grisi nene, wakaizamisha Götzen kwa mikono yao. Ukuta gani wa zege unafua dafu mbele ya maji na matope? Wabelgiji waliiibua, dhoruba ikairudisha chini. Sisi tunahesabu hilo kuwa ni kuimarisha ulinzi. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mashine zilikuwa bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Kisha likatokea jambo la kuvuruga jedwali letu. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walikimbilia Kagunga, kijiji cha Tanzania hatua chache kupita mpaka. Gati halikuwapo. Liemba ilisimama majini, mitumbwi ikawasogeza watu hadi ubavuni, wakapelekwa Kigoma kwa mamia kila safari. Mzinga haikuwa nao, hata wa mti. Baraza la fani, yaani mimi, bado halijaafikiana iwekwe jamii ipi.