Barua ya Wazi kwa Msajili wa Vyama: Tumepoteza Mrengo wa Kushoto

Kwa Msajili wa Vyama vya Siasa,
Nairobi.

KUH: KUPOTEA KWA MRENGO WA KUSHOTO, KAUNTI ZA KITUI NA MAKUENI

Pokea salamu kutoka Wote, ambako jua halijambo na mito bado ina mchanga kiasi.

Naandika kuripoti mali iliyopotea. Najua mali ya aina hiyo huripotiwa polisi, lakini polisi wa nchi hii ukiwatajia mrengo wa kushoto, anayeanza kuhojiwa ni wewe. Nimekuja kwako kwa kuwa wewe ndiwe mwenye faili. Unajua jina la kila chama, alama yake, rangi zake, kauli mbiu yake na sanduku lake la posta. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 imekupa hata kazi ya kuhakikisha kwamba chama kina wanachama wasiopungua 1,000 katika zaidi ya nusu ya kaunti zote. Basi nisaidie, Msajili. Katika makabati hayo yote, umewahi kukutana na imani ya chama chochote? Hata kama panya wameionja pembeni, sisi tutaitambua.

Maelezo ya mali ni haya. Kwetu ilionekana waziwazi mwaka 1997, wakati Mama Charity Ngilu, mbunge wa Kitui ya Kati, alipogombea urais kwa tiketi ya Social Democratic Party. Kauli mbiu ilikuwa Masaa ya Ngilu. Wasomi kama Anyang' Nyong'o walikuwa nyuma yake, chama kikapata wabunge 15, na Mama mwenyewe akamaliza wa tano. Kushika nafasi ya tano dhidi ya Rais Moi aliyekuwa ameshika dola, redio na machifu hakukuwa jambo dogo. Kisha, kama kawaida ya watu wanaokubaliana kuhusu usawa, wakakosana kuhusu kiti. Mama akahamia kwingine. Kadi za SDP zikabaki na James Orengo, aliyegombea urais 2002 na kupata kura ambazo hazikufika hata 25,000 nchi nzima. Faili hilo lazima unalo. Nadhani ni jembamba.

Lakini tusimwonee Mama Ngilu. Alipokuwa Waziri wa Afya katika serikali ya muungano wa NARC, alipeleka Bungeni mswada wa bima ya afya kwa wote, tajiri achangie na maskini atibiwe. Bunge likaupitisha mwaka 2004. Rais Kibaki, kiongozi wa serikali ileile iliyouleta, akakataa kuutia sahihi. Hapo, Msajili, ndipo mahali pekee katika historia yetu ambapo ningeweza kukuonyesha mwili wa marehemu na alama za vidole. Watu wa Kitui walipaswa kuandamana siku hiyo. Badala yake tulijadili ni nani angepewa uwaziri mabadiliko yakifanywa. Mwaka 2013 Mama alikuwa upande wa Uhuru na Ruto, na mwaka 2017 alikuwa katika muungano wa NASA, akawa gavana wa Kitui. Sisi tuliendelea kubishana kama bado ni yule wa 1997.

Sasa nivuke Mto Athi nije kwetu, maana huku ndiko kesi ilikonona.

Mwaka 2013 Makueni tulimchagua Profesa Kivutha Kibwana kuwa gavana kwa chama kidogo kiitwacho Muungano. Huyu alikuwa mmoja wa viongozi wa vuguvugu la kudai katiba mpya miaka ya 90, mtu wa maandamano na moshi wa vitoa machozi. Bunge la kaunti lilijaa wawakilishi wa wadi wa Wiper, chama cha Kalonzo Musyoka chenye alama ya mwavuli. Hawakuelewana naye kuhusu bajeti, yaani kuhusu nani aidhibiti pesa, na mnamo Septemba 2014 risasi zikafyatuliwa palepale bungeni Wote, watu wakajeruhiwa. Wananchi wakatia sahihi ombi la kuvunja kaunti nzima, gavana na wawakilishi wote waende nyumbani, tuanze upya. Tume ikaundwa chini ya Mohammed Nyaoga, ikatusikiliza. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuivunja. Ukitaka kujua ni lini raia wa hapa walikuwa kushoto kuliko vyama vyote ulivyosajili, ni mwaka huo. Hawakutetea mtu wao. Waliomba wote wafutwe kazi.

Baada ya hapo mambo yakafanyika. Ikaja MakueniCare, familia ikilipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Bajeti ikaanza kujadiliwa vijijini, chini ya mti, mpaka wageni wakaja na kalamu zao kujifunza. Ikatungwa sheria ya mchanga ya 2015, kwa sababu malori yalikuwa yakichota mito usiku na watu wamekufa kwa ajili ya mchanga huo. Haya yote chama gani kiliyaahidi? Hakuna. Kisha Profesa akajiunga na Wiper, akachaguliwa tena 2017 kwa mwavuli, akawa hata mwenyekiti wa chama. Nikafikiri: sasa chama kimepata sera bila kutoa jasho. Kilichofuata ni kwamba kiti cha uenyekiti kilikwenda kwa Chirau Ali Mwakwere, na mwaka 2022 Profesa aliporudi Muungano kuwania useneta, mwavuli ukamshinda kupitia Dan Maanzo. Sijasikia mkutano wa hadhara ambapo jukwaa la mwavuli lilisema: hii ya shilingi 500 ni yetu, tutaipeleka nchi nzima. Ng'ambo ya pili, Kitui chini ya Mama Ngilu nayo ilianzisha bima yake ya afya. Kaunti mbili jirani, lugha moja, wazo moja, vyama viwili, na hakuna aliyempigia mwenzake simu.

Upotevu huu umeleta ugomvi kati yetu tuliobaki. Nakuwekea hapa muhtasari wa kikao kimoja, kwenye kibanda cha chai karibu na soko, ili uuweke kwenye faili.

Mwalimu mstaafu, aliyepigia Masaa ya Ngilu kura, alisema chama husukumwa kutoka ndani. Kijana wa bodaboda, aliyekuwa Nairobi Juni 2024 kwenye maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha, akamuuliza: "Mwalimu, unasukuma tangu miaka ya 90. Kimesogea?" Mwalimu akasema kimesogea. Kijana akauliza kimesogea upande gani.

Mwalimu akamkumbusha kwamba mswada huo ulipokwisha kuondolewa, na vijana hawajamaliza kuzikwa, vigogo wanne wa ODM, chama cha Raila, walipewa wizara. "Chama chetu, kijana wangu, kilibaki nje." Kijana akajibu kwamba kukaa nje si msimamo, hata askari wa lango hukaa nje.

Hoja kwamba chama kimeuza mabadiliko ilitolewa. Mwalimu akataka risiti. Kijana akataja Januari 2018, siku Raila alipojiapisha Uhuru Park na kiti cha naibu wake, Kalonzo, kikabaki kitupu. Akataja pia Mei 2022, kinara huyo alipotoka muungano wa Azimio kwa hasira, na Juni aliporudi akiwa ameahidiwa cheo. Mwalimu akasema hizo si risiti, ni nauli.

Mwalimu akaleta habari za Muindi Mbingu, ambaye mwaka 1938 alikuwa mbele Wakamba walipotembea kwa miguu kutoka Machakos hadi Nairobi kudai ng'ombe wao waliokuwa wakinyang'anywa na serikali ya mkoloni. Makueni yetu ilikuwa bado sehemu ya Machakos. Waliketi Nairobi majuma kadhaa. Mbingu akahamishiwa Lamu kifungoni, lakini amri ya kupunguza mifugo kwa nguvu ikaondolewa. Kijana akauliza huyo alikuwa chama gani. Mwalimu akafikiri kidogo, akasema: "Chama cha ng'ombe."

Hoja kuhusu bei ya gorogoro ya ndengu, fidia ya wenye mashamba kwenye makaa ya mawe ya Mui, na nani atakayepata maji ya bwawa la Thwake, iliahirishwa kwa kukosa muda. Imekuwa ikiahirishwa.

Mwisho wa muhtasari. Utaona, Msajili, kwamba wote wawili wanazungumza juu ya moyo wa mtu mmoja. Mmoja anasema ni mweupe, mwingine anasema ni tikiti maji, jina alilobandikwa mwaka 2010 wakati wa kura ya katiba. Mimi nimechoka na upasuaji huu wa moyo. Stephen Kalonzo Musyoka aliingia Bungeni 1985 kutoka Kitui Kaskazini akiwa KANU, akawa katibu mratibu wa KANU mwaka 1988, na Januari 2008, nchi ikiwaka moto baada ya uchaguzi, akakubali umakamu wa rais. Kwa miaka 40 hii ametuonyesha kwa subira kubwa kwamba yeye ni mtu wa katikati, mpole, wa maombi na mazungumzo. Sioni mahali alipotudanganya. Ushoto tuliuweka sisi kinywani mwake, kisha tukashangaa hautamki.

Hata alama ya chama chake ni ya kweli. Mwavuli, katika nchi inayotegemea mvua ya vuli na kuikosa mara kwa mara, ni ahadi isiyoweza kupimwa. Mwaka 2025 chama kilichukua jina jipya, Wiper Patriotic Front. Jina hilo lina harufu ya msituni na bunduki. Mwalimu alilifurahia. Kijana aliuliza kama front hiyo imeshatoka ofisini.

Kwa hiyo sikuombi ukiadhibu chama cha mwavuli, wala ODM, wala vile vipya vinavyokuja kwetu vikiwa vimeshona fulana kabla ya kuandika ukurasa mmoja. Sheria inasema Hazina ya Vyama ipate asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Hiyo ni kodi yetu, ikiwemo ile ya unga na ya mafuta ya bodaboda. Naomba, kabla hujaidhinisha mgao wa chama chochote kinachokuja kutafuta kura Kitui na Makueni, ukitake kijaze karatasi moja. Mama akijifungua Mutomo, analipa nini? Mchanga wa mito ya Kaiti na Tiva ni wa nani? Ndengu zikivunwa nyingi, nani atanunua na kwa bei gani? Shamba la Mui likichimbwa, mwenyewe anahamia wapi? Majibu yawe kwa shilingi na kwa tarehe. Chama kikiandika "tutaangazia," kirudishiwe fomu.

Karatasi hiyo ikifika kwetu, ibandike pale nje ya ofisi ya chifu, chini ya tangazo la chanjo ya mbuzi. Hapo Mwalimu atakuwa na kitu cha kusukuma, na kijana atakuwa na kitu cha kukataa.

Najua utanijibu kwamba ofisi yako haina mamlaka ya kupima imani. Nimeshaelewa. Niambie basi ni ofisi gani, niwaandikie na wao.

Wako mtiifu,
Mpiga kura, Wote, Makueni.

Nakala kwa:
Makao makuu ya chama cha mwavuli (muwape hata kama mvua haijanyesha).
Mwalimu.
Kijana wa bodaboda (apelekewe kando, kwa sasa hawasemezani).